Molekyuli ikigonga ukuta: modeli nne, na ipi uichukue kwa kazi gani

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, stendi ya Nanenane hapa Dodoma, upepo unakata masikio. Mama ninayenunua chai kwake ana chupa mbili za lita moja alizozinunua siku moja. Ya kushoto inatunza chai ya moto mpaka saa nne. Ya kulia, hata jua halijachomoza vizuri, chai imeshapoa. "Hii imekufa, mwanangu," aliniambia, "na wala haijapasuka." Nikamwomba tuifungue kitako. Tukakitoa kioo cha ndani, tukakimulika kwa taa ya simu. Chini kabisa kuna kichuchu kidogo cha kioo, pale kiwandani walipoziba baada ya kunyonya hewa iliyokuwa katikati ya kuta mbili. Ncha yake ilikuwa imemeguka, kipande kama punje ya mchele. Kioo kizima, rangi ya fedha bado inang'aa, ila ombwe limekwisha. Hewa ya Dodoma ilikuwa imeingia.

Nimeanza na chupa hiyo kwa sababu wanafunzi wa fizikia wanaonijia na miradi yao ya mwisho huuliza swali moja: "Mwalimu, molekyuli za gesi zikigonga ukuta, nitumie modeli ipi?" Wanakuja na majina manne: Maxwell, mchemraba mgumu, Cercignani–Lampis, na kuigiza atomu kwa atomu. Wengi wameshaipenda ile nzito kuliko zote, wakidhani kwamba uzito wa hesabu ndio ukweli. Msimamo wangu nautoa mapema. Modeli huchaguliwa kwa kile unachotaka kukipata na kwa hali ya uso wenyewe, na kwa kazi nyingi ile ya Maxwell ya mwaka 1879 bado inatosha. Lakini kuna mahali itakuangusha vibaya, na ni lazima upajue kabla hujafika.

Ukutani kunatokea nini

Molekyuli za naitrojeni kwenye chumba cha joto la kawaida hukimbia kwa wastani wa mita 475 hivi kwa sekunde. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Hata hivyo kila sentimita ya mraba ya meza iliyo mbele yako inapigwa na molekyuli kama 2.5 × 10²³ kila sekunde. Sentimita hiyo ina atomu za usoni kama 10¹⁵. Ukigawanya, kila atomu inapigwa karibu mara milioni 250 kwa sekunde, na yenyewe haijatulia, inatetema kwa joto lake.

Molekyuli ikifika, huenda ikadunda mara moja na kuondoka. Huenda ikadunda mara mbili tatu ndipo itoke. Au ikanasa: mvuto wa uso unaishika, inatetema pamoja na atomu za ukuta mpaka ibahatike kupata nishati ya kujinasua. Muda wa kunasa unabadilika na halijoto kwa namna inayonishangaza mpaka leo. Chukua mvuto wa elektronivolti 0.25 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati). Kwenye uso wa nyuzi 27 za Selsiasi, molekyuli hukaa kama nanosekunde 1.6. Unaweza kuona ni muda mfupi, lakini mtetemo mmoja huchukua karibu 10⁻¹³ ya sekunde, kwa hiyo imetetema mara 16,000 hivi. Imeshasahau ilitoka wapi na kwa kasi gani. Poza uso huohuo hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, joto la naitrojeni iliyo kimiminika, na molekyuli ileile itakaa kama dakika 38.

Sasa nishati. Waliocheza gololi utotoni wanajua: gololi ikiigonga sawasawa gololi mwenzake iliyotulia, ya kwanza inasimama na ya pili inaondoka na mwendo wote. Ukiipiga gololi hiyohiyo kwenye jiwe la kusagia, inarudi na karibu mwendo wake wote. Tofauti ni uwiano wa masi. Gesi ikiwa na masi ambayo ni μ ya masi ya atomu ya ukuta, mgongano mmoja wa ana kwa ana huhamisha sehemu ya 4μ/(1+μ)² ya nishati. Naitrojeni kwenye chuma: μ ni 0.5, sehemu inayohama ni asilimia 89. Heliamu kwenye tungsteni: μ ni 0.022, inahama asilimia 8 tu. Hesabu hii inachukulia atomu ya ukuta imesimama na iko peke yake, jambo ambalo si kweli. Ukuta ukiwa wa moto kuliko gesi, nishati huenda upande wa pili, na hivyo ndivyo chai inavyopoa.

Wanafizikia hulifupisha jambo hili kwa namba moja kati ya 0 na 1, nami huiita kipimo cha kuzoea. Molekyuli ikitoka na nishati ileile iliyoingia nayo, kipimo ni 0. Ikitoka na nishati inayolingana kabisa na halijoto ya ukuta, kama vile imezaliwa hapo, kipimo ni 1. Martin Knudsen wa Denmaki ndiye aliyelitia nguvu wazo hili mwanzoni mwa karne ya 20.

Kabla ya modeli, pima mwanya

Hatua hii wengi wanairuka, na inawagharimu wiki nzima. Tafuta molekyuli inasafiri umbali gani kabla ya kugongana na mwenzake, kisha gawa kwa upana wa mwanya wako. Kwa hewa ya Dodoma umbali huo ni kama nanomita 75. Mwanya wa chupa ya chai ni kama milimita 5. Chupa iliyokufa basi ina hewa ambayo molekyuli zake zinagongana zenyewe kwa zenyewe mara maelfu kabla ya kuvuka. Hapo modeli ya ukuta haina kazi. Chukua upitishaji joto wa kawaida wa hewa: kwa tofauti ya nyuzi 70 unapata karibu wati 390 kwa mita ya mraba, na kwa chupa ya lita moja yenye eneo kama 0.06 ya mita ya mraba, ni wati 23 hivi. Chai inapoa kwa kama nyuzi 20 saa ya kwanza, hata kabla hujahesabu mzunguko wa hewa yenyewe.

Kwenye chupa nzima, tuseme mgandamizo katikati ni paskali 0.1. Umbali wa kusafiri bila kugongana unakuwa kama sentimita 7, mara 14 ya mwanya. Molekyuli inatoka ukuta huu moja kwa moja hadi ukuta ule, na kila kitu kinaamuliwa na kinachotokea pale inapogonga. Hapa ndipo unahitaji modeli.

Kwa ufupi: uwiano ukiwa chini ya 0.01, rudi kwenye vitabu vya kawaida vya joto. Ukizidi 0.1, endelea kusoma. Katikati ya hapo, hesabu ya kawaida yenye marekebisho madogo ya ukutani inatosha.

Maxwell, 1879

James Clerk Maxwell aliichapisha mwaka wa mwisho wa uhai wake. Alisema hivi: sehemu fulani ya molekyuli zinazogonga hunaswa na kutoka zikiwa zimezoea ukuta kabisa, upande wowote, zikifuata kanuni ya kosaini, yaani nyingi hutoka karibu na wima na chache hutoka zikiwa zimelala. Zilizobaki hudunda kama mwanga kwenye kioo cha kujitazamia, pembe ya kuingia sawa na pembe ya kutoka, bila kupoteza nishati yoyote. Namba moja tu inaamua sehemu hizo mbili.

Kwenye kompyuta ni mistari michache. Unachukua namba ya bahati nasibu. Ikiwa chini ya kipimo chako, molekyuli inazaliwa upya kwa joto la ukuta. Ikizidi, unageuza ishara ya kasi ya wima na basi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiandika mchana mmoja.

Irudie kwenye chupa. Kwa hewa kwenye nyuso za kawaida za viwandani, zisizosafishwa kwa namna ya pekee, vipimo vimekuwa vikiangukia takriban 0.87 hadi 0.97. Chukua 0.9 kwa kila ukuta. Joto linalovushwa na gesi kwa paskali 0.1 na tofauti ya nyuzi 70 ni kama wati 7 kwa mita ya mraba, yaani wati 0.4 kwa chupa nzima, sawa na kupoa kwa theluthi moja ya nyuzi kwa saa. Ukikosea kipimo ukaweka 1 badala ya 0.9, jibu linabadilika kwa chini ya wati 0.1. Hakuna mnywaji wa chai wala kipimajoto cha maabara ya shule kitakachoiona tofauti hiyo. Mionzi ya kuta zilizopakwa fedha peke yake inavusha karibu kiasi hichohicho, na kizibo kinaweza kuvusha zaidi. Kwa swali la aina hii, la jumla ya joto, sioni sababu ya kuondoka kwa Maxwell.

Inakuangusha wapi? Kwenye pembe. Maabara zilipoanza kurusha miale myembamba ya atomu kwenye nyuso safi za metali, hazikuona kile Maxwell alichotabiri, yaani mchomo mwembamba wa kioo uliosimama juu ya duara la kosaini. Ziliona kitu kama jani: wingi wa atomu umeelekea karibu na pembe ya kioo, lakini umetanuka na umehama kidogo. Hakuna namba utakayoiweka kwa Maxwell ikupe jani hilo. Pia analazimisha nishati na mwendo wa kuambaa uso vizoee kwa kiwango kimoja, wakati majaribio yanaonyesha vinaweza kutofautiana sana.

Mchemraba mgumu, 1966

Logan na Stickney waliuona ule uhamaji wa jani na wakauliza swali la busara: je, tukichukulia kila atomu ya ukuta ni mchemraba wenye uso laini, unaotetema mbele na nyuma tu? Basi kasi ya kuambaa haiguswi, na mgongano wote ni wa wima, kama gololi na jiwe, isipokuwa jiwe nalo linatembea.

Napenda kuifundisha hii kwa sababu unaona chanzo cha jambo kwa macho. Uso ukiwa wa moto kuliko gesi, mchemraba unaisukuma molekyuli itoke kwa kasi kubwa zaidi ya wima, hivyo inatoka ikiwa imesimama zaidi. Gesi ikiwa ya moto kuliko uso, inapoteza kasi ya wima na kutoka ikiwa imelala. Majaribio ya agoni kwenye fedha yalionyesha mwelekeo huohuo. Na haina namba ya kubahatisha: unaweka masi na halijoto, inakupa jibu.

Lakini haijui kunasa, haijui msuguano wa kuambaa, na kwa uso wenye mabonde na milima ya atomu inapotea. Logan na Keck waliongeza springi na mvuto mwaka 1968, na ikawa bora. Kwa heliamu, hidrojeni na nyingine nyepesi usiitumie kabisa. Atomu nyepesi huishi kama mawimbi: mwaka 1930 Estermann na Stern walionyesha heliamu ikidunda kwenye fuwele ya litiamu floraidi na kutawanyika kwa mistari, kama mwanga unavyofanya kwenye wavu mwembamba. Mchemraba hauna habari na mawimbi.

Uichukue kwa kuelewa, na kwa gesi nzito kiasi juu ya metali safi na laini. Kwa kazi ya uhandisi, iache.

Cercignani–Lampis, 1971

Carlo Cercignani na Maria Lampis walianzia mahali tofauti. Hawakuuliza atomu inafanya nini. Waliuliza kanuni yoyote ya ukuta lazima itii masharti gani. Masharti ni matatu: uwezekano usiwe hasi, molekyuli isipotee, na gesi ikiwa na halijoto sawa na ukuta, mgongano usibadilishe chochote kwa ujumla.

Sharti la tatu naomba ulishike kwa mikono miwili. Miaka yangu ya mwanzo niliandika kanuni yangu mwenyewe: kila molekyuli ikigonga ipoteze asilimia 10 ya nishati yake. Ilionekana ya maana. Nikaweka gesi na ukuta kwenye nyuzi 27, nikaiacha iende usiku kucha. Asubuhi gesi ilikuwa ya baridi kuliko ukuta na bado inashuka, na ukuta unapokea joto bila kikomo. Nilikuwa nimejenga friji isiyotumia umeme. Tangu hapo modeli yoyote ninayoletewa naijaribu kwanza hivyo: gesi na ukuta halijoto moja, migongano milioni, halafu natazama. Ikihama, naikataa. Maxwell anapita mtihani huu, na Cercignani–Lampis inapita kwa kuwa imejengwa juu ya sharti hilohilo.

Ina namba mbili. Moja ni ya nishati ya wima, nyingine ni ya mwendo wa kuambaa. Zote zikiwa 1 unapata kuzoea kamili. Zote zikiwa 0 unapata kioo. Katikati yake unapata lile jani ambalo Maxwell hana. Kuanzia miaka ya 1990 R. G. Lord alionyesha namna rahisi ya kuitumia kwenye kompyuta, na sasa imo katika programu nyingi za kuigiza kwa bahati nasibu gesi iliyopungua sana, yenye molekyuli chache, mbinu aliyoianzisha Graeme Bird mwaka 1963. Gharama yake kwa kila mgongano ni namba chache za bahati nasibu na kosaini mbili tatu. Kompyuta ya mkononi haitalalamika.

Tatizo ni kwamba namba hizo mbili hazitoki hewani. Lazima mtu awe amezipima kwa gesi yako, uso wako na halijoto yako, la sivyo unaupa ukisiaji wako vazi la hesabu nzuri. Ukiwa na kipimo kimoja tu mkononi, modeli yenye namba mbili haikuongezei ukweli.

Mahali inapolipa ni satelaiti za chini. Kwa kilomita 7.8 kwa sekunde, atomu ya oksijeni inakigonga chombo kwa nishati ya elektronivolti 5 hivi, mara mia na zaidi ya joto la chumba. Kama atomu inatoka taratibu upande wowote au inaruka mbele kama jani, breki ya satelaiti, yaani jinsi hewa inavyoipunguzia mwendo, inabadilika, na siku ya kuanguka kwake nayo inabadilika. Kwenye kimo cha kilomita 200 hivi oksijeni hufunika uso na kuzoea kunakaribia 1. Ukipanda zaidi, kunapungua. Kwa bapa refu lililolala karibu sambamba na mwendo, hapo Maxwell na Cercignani–Lampis wataachana waziwazi.

Atomu kwa atomu

Hapa unaijenga fuwele yenyewe ndani ya kompyuta, unaweka kani kati ya kila atomu na jirani zake, unarusha molekyuli, unafuata mwendo kwa hatua za femtosekunde moja (10⁻¹⁵ ya sekunde), kisha unarudia maelfu ya mara. Programu kama LAMMPS ni za bure. Inakupa kunasa, kuteleza, mabonde, yote, na inaweza kukupa zile namba mbili za Cercignani–Lampis pale ambapo hakuna aliyezipima. Hayo ndiyo matumizi yake bora kwa maoni yangu. Lakini jibu lake si bora kuliko kani ulizoziweka, na umeme ukikatika katikati ya siku ya tatu bila wewe kuhifadhi hatua, unaanza upya.

Uchafu

Jambo hili linazidi uchaguzi wa modeli kwa umuhimu. Mwaka 1930 J. K. Roberts alipima heliamu kwenye waya wa tungsteni alioutakasa kwa kuuchoma mpaka ukang'aa katika ombwe, akapata kipimo cha kuzoea cha karibu 0.06. Waliotakasa vizuri zaidi baadaye walifika karibu 0.017. Waya uleule ukiachwa ukachafuliwa na gesi nyingine, kipimo kinapanda mara kadhaa. Hakuna kilichobadilika isipokuwa utando wa unene wa atomu moja. Na utando huo hauchelewi: hata kwenye mgandamizo wa sehemu moja ya bilioni ya hewa ya kawaida, uso unaweza kufunikwa ndani ya sekunde chache kama kila molekyuli inayofika inanata.

Sisi wa Dodoma tunaofuta vumbi mezani asubuhi na kulikuta tena mchana tunalielewa hili haraka. Uso wa kweli una mvuke wa maji, mafuta ya vidole na oksidi. Habari njema ni kwamba uchafu huo husogeza kila kitu kuelekea kuzoea kamili, na kuzoea kamili ndiko Maxwell anakokuweza vizuri.

Mwanafunzi niliyenaye mwaka huu alikuja akitaka atomu kwa atomu kwa ajili ya chupa ya chai. "Shikamoo mwalimu, nimeshapakua programu." Nilimwambia aanze na Maxwell kwa 0.9, aandike jibu, kisha aweke Cercignani–Lampis mahali pake na kuzisogeza namba zote mbili kati ya 0.8 na 1. Joto lilihama kidogo sana, chini ya kosa la kipimajoto chake. Akabaki na Maxwell, na muda uliosalia akautumia kupima mgandamizo. Rafiki yake anahesabu breki ya satelaiti ndogo yenye mabawa marefu. Alifanya jaribio lilelile, na kwake jibu lilisogea kwa kiasi cha kuonekana kwenye grafu bila kukaza macho. Yeye amechukua Cercignani–Lampis, na sasa anatafuta namba zilizopimwa kwa oksijeni juu ya alumini iliyopata oksidi, si alumini safi.